Mnada wa Shukrani

Mume wangu ni mtu wa mipango. Nalisema hili mapema ili mtu asije kudai baadaye kwamba mimi Gladwell nilimwonea. Mwalimu Kaimenyi ana mpango wa kila kitu. Alikuwa na mpango wa kuchimba kisima, ambacho leo ni shimo tunalotupa maganda ya viazi. Alikuwa na mpango wa sungura. Sungura walikufa wote, kila mmoja na jina lake. Hayo yote niliyavumilia. Lakini alipokuja na mpango wa kutoka kwenye madeni, hapo ndipo nilipojua kwamba sasa tumekwisha.

Madeni yenyewe yalianza na gari. Sisi tunaishi hapa Kaaga, na shule anayofundisha iko karibu. Sisemi karibu kwa maneno tu. Ukisimama mlangoni kwetu unasikia kengele, na mtu mwenye miguu miwili anaweza kutoka nyumbani ikilia akaingia darasani kabla watoto hawajatulia. Kwa safari hiyo ndefu na ya hatari, Mwalimu aliona hawezi kuendelea bila gari. Akachukua mkopo wa sacco, chama cha akiba cha walimu, wenzake wakamdhamini, akanunua Toyota nyeupe iliyokwisha kupita mikononi mwa watu watatu. Asubuhi alikuwa akiiwasha, anaiacha ingurume mpaka majirani wote waamke, kisha anaiendesha hadi langoni mwa shule. Mwezi ukielekea kuisha alikuwa akiiacha huko huko na kurudi kwa miguu, ili apunguze mafuta.

Sacco ikaanza kukata mshahara. Mshahara uliobaki haukutosha hata kuitwa mshahara, basi akaingia kwenye mikopo ya simu. Mikopo ya simu ina adabu sana. Inakuita kwa jina, inakupongeza, inakupa pesa hata hujamaliza kuvaa viatu. Adabu inaisha siku ya kulipa. Siku hiyo walimpigia mama mkwe wangu, wakampigia mwalimu mkuu, wakampigia mchungaji wetu akiwa katikati ya mazishi ya watu. Mchungaji alipokea akidhani ni wafiwa.

Hapo ndipo Mwalimu aliponijia mimi, kwa sauti ile ya chini ambayo huitumia akitaka kitu.

"Mama Mwendwa, kikundi chenu si kinakopesha? Ni mwezi mmoja tu."

Nilikubali. Msiniulize kwa nini. Nilimwonea huruma, na pia nilichoka kuulizwa na mama mkwe ni nani huyo msichana anayempigia kila asubuhi akimtafuta mwanawe. Nikachukua mkopo wa kikundi kwa jina langu, na dhamana nikaweka ng'ombe wangu, Karimi.

Karimi si ng'ombe wa familia. Ni wangu. Nilimnunua akiwa ndama kwa pesa za maharagwe, na nilimpa jina hilo kwa sababu kwetu ni jina la mwanamke asiyejua kukaa bure. Binti yetu Mwendwa anasomea uuguzi kule Embu, na kila muhula karo yake inatoka kwenye kiwele cha Karimi, si kwenye mshahara wa mtu yeyote mwenye gari. Karimi akienda, Mwendwa anarudi nyumbani na nguo zake kwenye begi. Hesabu hiyo hata mimi niliyeishia darasa la nane naiweza.

Mwezi ule mmoja ulipita, na mingine ikaufuata, na kikundi kikaanza kuniuliza. Sijui kama mnakijua kikundi cha akina mama. Ukishindwa kulipa, wenzako hawakuletei polisi wala wakili. Wanakuletea Bwana Yesu. Wanafika wamevaa vitambaa vya kichwa vya rangi moja, wanaimba pambio, wanakuombea wewe na watoto wako, wanakunywa chai yako, halafu wanabeba viti walivyokalia. Nimeona kabati la vyombo likitoka mlangoni mwa mtu huku wabebaji wakiimba sauti ya kwanza na ya pili, na mwenye kabati akiitikia kiitikio kwa mazoea.

Kwetu alitangulia mwenyekiti, Caroline.

"Gladwell, dada yangu," aliniambia, "nimekuja kukutia moyo."

Akapitiliza moja kwa moja mpaka zizini kumtia moyo ng'ombe. Akamshika kiwele. Akamfungua mdomo akatazama meno. Akamzunguka nyuma, akampiga mgongoni makofi mawili ya mapenzi.

"Usimpunguzie chakula kwa sababu ya mawazo," akasema. "Sisi tutapita Jumanne ya wiki ijayo. Tungependa tukute maziwa hayajashuka."

Kisha akaomba chai, isiwe na majani mengi.

Jioni ile nilimwambia Mwalimu auze gari. Sikupayuka. Niliongea polepole, kama anavyoongea yeye na watoto wa kidato cha kwanza.

"Watu watasema nini?" akaniuliza.

"Watasema umeuza gari."

"Sasa unaona."

"Na wakimwona Karimi akipelekwa sokoni na wanawake wanaoimba, watasema nini?"

Akakuna kidevu, na kwa uzoefu wangu akikuna kidevu kuna mpango unakuja. "Mama Mwendwa," akasema, "tutafanya shukrani."

"Shukrani ya nini?"

"Ya kumshukuru Mungu. Kwa yote aliyotutendea."

Nikamwuliza kama simu za mchungaji zimo katika hayo yote. Alikuwa ameshafika mbali. Alinieleza kwa subira. Mtu hawezi kuita watu akawaambia jamani nichangieni nilipe deni la gari. Ni aibu, na hakuna atakayekuja. Lakini ukiwaita kumshukuru Mungu, watakuja na bahasha, kwa kuwa hakuna anayetaka kuonekana ni mchoyo mbele ya Mungu na mbele ya spika. Nakiri kwamba hapo alikuwa amesema kweli. Hivyo ndivyo watu wa huku tulivyo.

Basi tukaanza kujiandaa kutoka kwenye deni, na maandalizi ya kutoka kwenye deni yanataka pesa. Kwanza kamati. Kamati ilikutana kwetu mara kwa mara kupanga jinsi ya kupunguza gharama, na kila mara ilikula kuku. Kisha mahema, viti, mchele, mbuzi. Kisha akakodi spika za ukubwa wa choo, na mshereheshaji anayeitwa Njuki kutoka Embu, kijana wa suti ya kung'aa ambaye hulipwa kabla hajafungua mdomo. Pesa za hayo yote Mwalimu alizikopa kwenye simu. Tulikuwa tumekopa ili tuchangiwe ili tulipe tulichokopa. Nilipomwambia hivyo, aliniambia sielewi mambo ya uwekezaji.

Jumamosi ikafika, na watu wakaja. Mungu alishukuriwa sana siku hiyo, hasa wakati wa mukimo na nyama. Mchungaji alihubiri juu ya kutoa. Njuki akashika maikrofoni akaanza kuwaita watu kwa makundi, ndugu, majirani, walimu, na kila kundi likapita mbele likicheza, likaweka bahasha kwenye beseni. Wengine hawakuweka bahasha. Waliweka ahadi. Njuki alizisoma kwa sauti nzuri sana. Fulani ameahidi elfu kumi, mpigieni makofi. Fulani ameahidi gunia la simenti, ingawa hatukuwa tunajenga. Nilichungulia beseni nikaona limejaa kiasi cha kulipa mahema na spika. Deni la kikundi lilikuwa bado limekaa pale pale, na Caroline alikuwa ameketi safu ya mbele akila paja la kuku na kunitabasamia.

Ndipo ukaja mnada.

Huku kwetu harambee bila mnada ni kama chai bila sukari, inanyweka lakini mtu haridhiki. Kinaletwa kitu chochote, mkungu wa ndizi, keki, jogoo, na watu wanashindana kukinunua kwa bei ambayo hakijawahi kuota. Hakuna anayenunua jogoo. Watu wananunua kuonekana. Siku hiyo aliletwa jogoo mwekundu, na nilimtambua mara moja, kwa sababu asubuhi alikuwa bandani kwangu. Nilimlea mimi.

"Nani atampeleka huyu bwana nyumbani?" Njuki akauliza.

Aliyesimama kwanza alikuwa Murungi. Huyu Murungi ni mwalimu pia, anafundisha upande wa Kangeta na ana shamba la miraa huko. Yeye na mume wangu walitahiriwa msimu mmoja, wakauguzwa pamoja, na tangu siku hiyo wanapendana kama ndugu na hawajawahi kuachiana nafasi. Murungi alioa, Kaimenyi akaoa mwezi uliofuata, na hapo nashukuru kwa upande wangu. Murungi alijenga nyumba ya mawe. Kaimenyi akaweka geti la chuma kwenye boma lisilo na ua, ukitaka unapita kando.

"Elfu tano," Murungi akasema. "Namnunulia rafiki yangu Mwalimu supu. Naona amekonda."

Watu wakacheka. Mwalimu naye alicheka, ila mimi nilikaa karibu naye nikaona mshipa wa shingo. Mwuza mbao mmoja kutoka mjini anayeitwa Mwaniki akasema elfu sita. Murungi akasema nane, akaongeza kwamba mifupa atatuachia. Nikamshika Mwalimu koti. Nilimshika kwa mikono miwili.

Akasimama, koti likabaki mikononi mwangu.

"Kumi," akasema.

Njuki hakuamini bahati yake. Mwenye shukrani mwenyewe ameingia mnadani. Wanawake wakapiga vigelegele. Murungi akasema kumi na mbili, Mwalimu kumi na tano. Murungi akapandisha tena, taratibu, akitabasamu kama anayevuta mbuzi kwa majani, na Mwalimu akamfuata mpaka elfu ishirini na mbili. Hapo Murungi akaketi, akainua mikono, akampigia makofi mshindi. Jogoo akawekwa kwapani mwa mume wangu. Akapigwa picha.

Nataka mnielewe vizuri. Mume wangu alikuwa amenunua jogoo wake mwenyewe, kutoka kwangu, kwa pesa ambazo hana, ili ajichangie yeye, alipe deni lililoanza kwa sababu hataki kutembea. Huyo ndiye mwenye shahada ya ualimu. Aliporudi kuketi jasho likimtoka alininong'onezea kwamba atatoa ahadi.  Akilini nilimwona Mwendwa akishuka kwenye kituo cha magari na begi lake, na nikamwona Caroline akijifuta mdomo na kugeuka kuangalia upande wa zizi.

Sikulia. Niliinuka nikaingia ndani. Ufunguo wa gari ulikuwa ukining'inia kwenye msumari chini ya kalenda ya kanisa, ili kila mgeni auone. Nikauchukua. Nikarudi nje, nikaenda mpaka mbele, nikamwomba Njuki maikrofoni. Alidhani nataka kumshukuru.

"Mimi Mama Mwendwa nawasalimu," nikasema. Spika zile zilikuwa nzuri kweli, nilijisikia mpaka barabarani. "Mume wangu ni mtu mnyenyekevu. Kuna jambo Mungu ameweka moyoni mwake, lakini hawezi kulisema mwenyewe, amenituma mimi. Ameguswa. Amesema shukrani ya jogoo ni ndogo. Ametoa gari lake liingie mnadani."

Nikauinua ufunguo juu.

 Mchungaji akasimama akasema hajawahi kuona moyo kama huo katika huduma yake yote, na watu wakalipuka kwa makofi. Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa amekaa na jogoo mapajani, anatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Angesema nini? Mtu aliyetoka kununua jogoo kwa elfu ishirini na mbili mbele ya umati hawezi kusimama akasema kwamba gari analihitaji. Watu wangesema nini?

Mwaniki wa mbao alianza na laki mbili. Alikuwa mnunuzi wa kweli, alishatoka kwenye hema kwenda kupiga magurudumu teke. Akapanda mpaka laki tatu. Murungi alikuwa amekunja mikono tu anatazama, na mimi nilimfahamu Murungi tangu siku za uchumba.

"Mwalimu Murungi tusimsumbue," nikasema kwenye maikrofoni, kwa upole wote wa dada wa kanisani. "Tunajua miraa imeshuka bei. Jogoo mwenyewe alimshinda."

Watu wakaangua kicheko. Murungi alikuwa wima kabla kicheko hakijaisha. Akasema laki tatu na nusu. Mwaniki akaongeza, Murungi akaongeza, na ilipofika laki nne na nusu Mwaniki akatikisa kichwa akarudi kwenye mukimo wake. Njuki akatangaza mshindi. Murungi akaja mbele akicheza, mkono ameunyoosha kupokea ufunguo.

Nikautia mfukoni mwa aproni.

"Jogoo anaenda kwa ahadi," nikamwambia, maikrofoni bado iko mdomoni. "Gari linaenda kwa pesa. Jumatatu saa nne nitakuwa benki na Mwalimu na logbook ya gari. Wote mliorekodi kwa simu mtanisaidia kumkumbusha."

Jumatatu saa nne Murungi alikuwa benki. Nilimkuta ameshafika. Pesa alizitoa wapi hatukuuliza, lakini miraa haina siri. Alikuwa amemkodishia bwana mmoja wa Laare miti yake yote, misimu mitatu mbele, kwa malipo ya mkupuo. Misimu hiyo atakuwa anapita kando ya shamba lake akiangalia watu wengine wakichuma. Jumanne akina mama wa kikundi walifika na pambio, vitambaa vichwani, na kamba. Niliwapa chai, nikawapa pesa yao yote na riba yake. Caroline alihesabu mara mbili. Alipomaliza aliangalia zizini kwa huzuni, kama mtu aliyeambiwa kwamba urithi umeenda kwa mwingine, akaniombea kwa maneno machache sana. Mikopo ya simu nayo tukaifuta siku hiyo hiyo. Tukabaki na sacco peke yake, ambayo inakata bila kupigia mtu simu.

Mwalimu hakunisemesha. Alikuwa anaongea na Karimi. Niliwasikia asubuhi zizini, yeye akimweleza ng'ombe kwamba kuna wanawake ambao hawamheshimu mwanamume, na ng'ombe akitafuna. Alikwenda shuleni kwa miguu, kichwa chini, akipita njia ya nyuma. Halafu akachoka njia ya nyuma kwa sababu ina matope, akaanza kupita ya mbele. Watu wakamsalimia kama kawaida. Nadhani hilo lilimuuma zaidi, kwamba hakuna aliyesema lolote. Akaanza kupeleka maziwa mwenyewe kabla ya kengele, kwa kuwa kituo cha maziwa kiko njiani. Jogoo yule tulimla sikukuu. Alikuwa mgumu.

Mwendwa alipofungua muhula mpya kule Embu, tulimtumia karo yote kwa mara moja. Jioni ile Mwalimu alisema, "Chai ina sukari ya kutosha." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu, na nilimjibu kwamba nashukuru.

Wiki iliyofuata, asubuhi, tukasikia gari likinguruma getini. Tulilijua kabla hatujaliona. Murungi alishuka, akapita kando ya geti, amevaa tai, mkononi ana karatasi. Mwalimu alikuwa ametoka zizini na ndoo ya maziwa.

Walisalimiana kwa Kimeru, wakaulizana watoto, wakaulizana mvua. Kisha Murungi akafika alikokuwa anaenda. Alitaka mkopo wa sacco akomboe miti yake kwa yule bwana wa Laare. Wadhamini aliokuwa nao hawakutosha. Alipungukiwa na mmoja.

"Ni sahihi tu, rafiki yangu," akasema. "Mimi na wewe tulimwaga damu siku moja. Ni mwezi mmoja hivi, miwili."

Mimi nilikuwa mlangoni na sufuria. Sikusema neno, na wanaonijua watawaambia hilo si jambo dogo. Nilimwona mume wangu akiitazama karatasi. Kisha akalitazama gari, kwa muda mrefu, lile bonyeo kwenye mlango wa nyuma alilolipata akiliegesha, na rangi aliyokuwa akiipangusa kila Jumapili. Alilipenda gari lile, sitasema uongo. Akaliangalia geti lake la chuma.

Mume wangu ni mwalimu. Katika mfuko wa shati, hata akikamua, hubeba kalamu mbili, ya buluu na nyekundu. Asubuhi hiyo zilikuwepo zote mbili, vifuniko vinang'aa.

"Ningependa sana," akamwambia Murungi, akainua ndoo ya maziwa. "Lakini kalamu sina."